Mrobinia: Utambue kwa Miiba, Upande kwa Ajili ya Nguzo

Ukiwa na shaka kama mti ulio mbele yako ni mrobinia (Robinia pseudoacacia), anza na miiba. Kwenye matawi machanga hukaa miwili miwili, mifupi, pembeni mwa kikonyo cha jani. Gleditsia, mti mwingine wa miiba ambao watu huuchanganya nao mara kwa mara, ina miiba mirefu yenye matawi, na huota hadi kwenye shina. Maganda yanayobeba mbegu za gleditsia ni marefu na yamejipinda; ya mrobinia ni bapa, kwa kawaida hayazidi sentimita 10.

Jani lake lina vijani vidogo vyenye umbo la yai, vimepangwa jozi jozi, na kimoja hubaki peke yake nchani. Gome la mti mzima lina mifereji mirefu. Maua ni meupe, hunukia na kuning'inia kwa vishada. Msimu wake ni mfupi, lakini mfugaji nyuki hupata asali ya rangi hafifu isiyoganda upesi. Hungaria inajulikana sana kwa asali hiyo, ingawa asili ya mti ni mashariki mwa Marekani.

Mimi ningeupanda kwanza kwa ajili ya nguzo za uzio. Kiini chake, cha manjano inayoelekea ukijani, hukaa ardhini miongo kadhaa bila dawa. Chagua shina lililokomaa, kwani sehemu nyeupe ya nje huoza mapema. Menya gome, kisha pigilia misumari nguzo ikiwa bado mbichi. Ikikauka, toboa kwanza, la sivyo utapinda misumari bure. Mabaki ni kuni zenye moto mkali.

Mbegu zina ganda gumu: zimwagie maji ya moto, ziloweke usiku kucha, uzipande zilizovimba. Mti hujipatia naitrojeni kupitia mizizi, hivyo huvumilia udongo hafifu.

Mizizi hiyohiyo ndiyo kero. Hutoa machipukizi mbali na shina, na ukikata mti yanaongezeka. Usiupande kando ya msitu wa asili wala shamba la mazao, na uliza kwanza ofisi ya misitu, maana baadhi ya maeneo yameuwekea masharti.

Gome, majani na mbegu vina sumu, na farasi ndiye huathirika zaidi. Usimfunge kwenye shina lake, na matawi uliyokata yaondoe malishoni siku hiyohiyo.