Kabla hujajisajili kwa uzamivu wa sayansi ya kompyuta

Wanaoniuliza habari za uzamivu (PhD) huanza na karo, kisha kompyuta ya kununua. Hayo yana uzito wake. Ila kinachomkwamisha mwanafunzi mwaka wa kwanza mara nyingi ni kingine: amefaulu mitihani, ameandika programu zinazofanya kazi, lakini hajawahi kukaa na swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake. Ustadi huo unajengeka kabla ya kujisajili, ukitenga jioni mbili tatu kwa wiki.

Rudia jaribio la mtu mwingine mpaka upate matokeo yake. Kwa anayetaka kushughulika na lugha, ningemwelekeza kwenye MasakhaNER, mkusanyiko wa mwaka 2021 wenye lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambamo majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe yamewekewa alama. Data yake iko wazi kwa yeyote. Funza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, iyatambue majina hayo, kisha linganisha alama za usahihi ulizopata na zile za makala ya utafiti iliyoutambulisha mkusanyiko huo. Zikipishana, usikimbilie kubadilisha modeli, tafuta sababu. Huenda namba ambayo kompyuta huanzia kuchagua mambo kwa bahati nasibu si ileile, au toleo la maktaba ya programu limebadilika.

Halafu soma makosa ya modeli kwa macho yako, moja baada ya jingine. Hapa ndipo utafiti unapoanza kunoga. Chukua sentensi mbili: "Neema alifika jana" na "Neema ya Mungu ni kubwa." Zote zinaanza na herufi kubwa, na moja tu ndiyo yenye mtu. Tumaini, Baraka, Furaha, Zawadi: Kiswahili kimejaa majina ambayo pia ni maneno ya kila siku. Alama ya jumla haikuonyeshi jambo hilo, ila makosa hamsini yaliyosomwa kwa subira yanaweza kukupa swali la tasnifu nzima.

Fungua daftari leo. Kila jaribio liandikiwe tarehe, ulichobadilisha, unachotarajia na ulichopata. Unachotarajia kiandikwe kabla ya kuendesha programu, maana ukishayaona matokeo utajiaminisha kwamba ulijua tangu mwanzo. Msimbo uhifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, ili miezi minane baadaye ujue jedwali la tatu lilitoka wapi.

Jifunze pia kuishuku furaha yako. Niliwahi kushangilia kwa wiki tatu modeli iliyokuwa ikipatia karibu kila kitu. Kumbe habari ileile ya bungeni ilikuwa imechapwa neno kwa neno na tovuti kadhaa. Nakala moja ilikuwa kwenye data ya kufunzia, nyingine kwenye ya kupimia. Modeli ilikuwa imekariri. Tangu hapo huondoa nakala kwanza, kisha ndipo hugawa data.

Kwenye kusoma makala, anzia kwenye jedwali la matokeo. Jiulize wamejilinganisha na nani, na kama mshindani huyo alipewa nafasi ya haki.

Kama utakusanya data kwa watu, tuseme kurekodi sauti za wauza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, weka muda wa vibali kwenye ratiba. Kenya kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, Tanzania kuna kibali cha COSTECH, ambazo ni tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Sauti ya mtu ni mali yake. Mweleze itatumikaje kwa lugha anayoielewa, kabla hajakubali.

La msimamizi usiliache mwisho kama nilivyoliacha mimi hapa. Zungumza na wanafunzi wake wa sasa, hasa aliye mwaka wa tatu. Mwulize wanakutana mara ngapi, rasimu hukaa kwake siku ngapi, na makala yao ilipokataliwa, alikaa nao kuipitia upya au aliwaachia wenyewe.