Somo: Mikumi hadi Iringa kwa baiskeli, kupitia korongo la Ruaha na Mlima Kitonga

Habari zenu wapanda baiskeli wenzangu. Wengi mmeniomba niandike jinsi ya kupanga safari hii, nami nimechelewa kwa sababu nilitaka niiandike vizuri. Nimeipita mara nne. Mara ya kwanza sikumaliza: baiskeli yangu ilipanda Fuso la vitunguu pale Mahenge nami nikakaa mbele na dereva. Miguu ilikuwa bado ina nguvu. Kilichoniangusha ni saa. Nilifika chini ya Kitonga saa 7 mchana, jua utosini, malori yamefuatana kama siafu.

Ndiyo maana somo hili linaanzia Kitonga na kurudi nyuma. Kabla hujapanga kitu kingine, amua utafika chini ya mlima ule saa ngapi. Jibu langu ni saa 2 na nusu asubuhi, isizidi saa 3. Ukishalishika hilo, mahali pa kulala na saa ya kuamka vinajipanga vyenyewe.

Njia ilivyo

Tunazungumzia barabara kuu ya Tanzania–Zambia, kutoka mji wa Mikumi hadi Iringa, chini kidogo ya kilomita 200. Mwanzo kuna vilima, kisha barabara inashuka kwenye bonde la Ruaha Mkuu: Milima ya Udzungwa kushoto kwako, Rubeho kulia, mto katikati, na mibuyu pande zote. Mwezi wa saba mibuyu haina jani hata moja, na asubuhi matawi yake yanaonekana kama mizizi iliyopandwa juu. Sijaona kipande cha barabara kizuri kuliko hiki nchini kwetu, na nimepita vingi. Mto huu una mabwawa mawili ya umeme, Mtera juu na Kidatu chini, nasi tunapita katikati yake.

Daraja la Ruaha Mbuyuni ndilo linakuingiza mkoa wa Iringa. Baada ya hapo ni Mtandika, Mahenge, halafu Kitonga. Mbuyuni iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500.

Usianzie Morogoro. Kati yake na mji wa Mikumi barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na wanyama huvuka muda wowote, tembo na simba wakiwemo. Kipande hicho kipite ndani ya basi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Agosti. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili, na Kitonga ikiwa na utelezi ni hatari kwa kila mtu, siyo kwa baiskeli peke yake. Juni hadi Agosti upepo wa kusi utakupiga ubavu wa kushoto, wala hautakuziba usoni.

Hatua ya 2: Kagua gia kabla ya kukagua miguu

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wanapoumia magoti. Chukua baiskeli yenye sproketi ndogo ya mbele meno 34 na kubwa ya nyuma meno 34. Pedeli ikizunguka mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja, unasogea mita 2 na kidogo. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unapanda kwa kilomita 7 na nusu kwa saa. Mwendo huo unatosha kabisa Kitonga, na unaweza kuushika muda mrefu bila kuhema kupita kiasi. Sasa chukua baiskeli ya mashindano yenye meno 34 mbele na 25 nyuma. Kwa mwendo uleule utakanyaga mara 44 tu kwa dakika, na kila mkanyago ni mzito kama kusukuma mkokoteni uliojaa matofali. Ukijaribu kuongeza mizunguko, mapafu yanaisha. Mwambie fundi akubadilishie friwili kabla ya safari. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutibu goti.

Matairi ya upana wa milimita 28 au 32 yanatosha. Bonde lina miba ya migunga, kwa hiyo beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Taa ya nyuma na kizibao cha reflekta havina mjadala, na bila helmeti sitoki na mtu.

Hatua ya 3: Fika Mikumi kwa basi

Kutoka Igumbilo, stendi ya mabasi ya Iringa, mabasi ya kuelekea Dar es Salaam ni mengi. Elewana bei ya baiskeli na kondakta kabla haijaingia kwenye buti. Toa tairi la mbele, laza baiskeli upande wa cheni ukiwa juu, na uwe wa mwisho kuweka mzigo. Safari yangu ya pili niliiacha ipakiwe bila kuisimamia. Magunia ya viazi yalilalia kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, kikapinda, na fundi wa Mikumi alikinyoosha mpaka saa 4 usiku.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni

Ni kama kilomita 90. Ondoka saa 1 asubuhi, pumzika kila baada ya saa moja na nusu, fika saa 8 mchana. Vilima vya mwanzo visikutie haraka. Ukishashuka bondeni, joto linakuja kutoka juu na kutoka kwenye lami.

Kunywa nusu lita hadi lita moja kila saa, na usiwe na chini ya lita 3 unapoondoka. Maji matupu hayatoshi: changanya pakiti ya ORS kwenye chupa moja ya lita moja. Chakula nakula kidogo kidogo, ndizi mbili kwa saa, karanga, kiazi kitamu cha kuchemsha. Ubuyu wa kumung'unya ni mzuri kwa mdomo mkavu. Mto unavutia, lakini usiingie kuoga. Kuna mamba.

Mbuyuni kuna nyumba za wageni za kawaida. Kula wali au ugali mapema, lala saa 3.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Kitonga

Mwezi wa saba jua huchomoza karibu saa 1 kasoro dakika 10. Toka saa 12 na nusu, taa zikiwaka. Vitunguu vya Mbuyuni utavinusa kabla hujaviona. Mahenge kunywa chai, jaza maji, nenda chooni, maana baada ya hapo hutaki kusimama popote bila sababu.

Kupanda kwenyewe ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Jambo ambalo wengi hawalijui: tela la semi halifuati njia ya kichwa chake. Kwenye kona, magurudumu ya nyuma hukata kwa ndani. Kona ikielekea kushoto, ndani ni pale ulipo wewe. Dereva amekuona, amekupisha vizuri kabisa, lakini tela linakuja kukubana ukingoni. Kwa hiyo ukisikia semi nyuma yako na mbele kuna kona ya kushoto, usishindane nalo kuingia. Shuka, simama nje ya lami, lipite lote. Utapoteza dakika mbili. Nalirudia hili kwa kila kundi ninaloliongoza, na nitaendelea kulirudia.

Pandeni mstari mmoja, mkiachiana mita 10 hivi. Usishike lori likuvute, hata ukiona vijana wanafanya. Lori likibadilisha gia linashtuka, na mkono wako mmoja hauwezi kuzuia baiskeli isiingie chini. Nyani wa pale wamezoea kutupiwa chakula na abiria, kwa hiyo ndizi zikae ndani ya begi.

Ukifika juu saa 4 na nusu uko salama. Utasikia hewa imebadilika. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Vaa koti jepesi, jasho likipigwa na upepo wa Iringa unatetemeka kwa baridi.

Ilula kula chakula cha mchana. Kutoka hapo ni kama kilomita 45, mabonde na miinuko. Simama Lugalo kwenye mnara wa kumbukumbu. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walipokishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Ukimkuta mzee barabarani mwambie "kamwene", salamu ya Kihehe, utaona uso unavyofunguka.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina Phoenix isiyo na gia. Naweza?*

Marahaba, kijana wangu. Unaweza, na wabeba mkaa wa huko wana baiskeli hiyohiyo na magunia juu yake; nawaheshimu sana. Ila Kitonga utaisukuma kwa miguu, kwa hiyo toka Mbuyuni mapema na vaa viatu vya kutembelea. Kabla ya safari badilisha raba zote za breki.

*Kaka, kwa nini tusianzie Iringa tukateremka? Si rahisi zaidi?*

Kwa miguu ni rahisi. Kwa usalama sikubali. Ukipanda, tofauti ya mwendo kati yako na lori lililobeba mzigo ni ndogo, kila mmoja ana muda wa kumwona mwenzake. Ukishuka unakwenda kasi, rimu zinapata moto, mbele yako kuna tanki la mafuta linalotambaa, nyuma yako huenda kuna gari lililoishiwa breki, na huna pa kukimbilia.

*Mimi ni dada wa Mafinga, ningependa kuja. Nije peke yangu?*

Karibu sana dada. Peke yako hapana, na hilo namwambia mwanaume pia. Watu watatu ndio wachache kabisa: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anatafuta msaada. Namba ya dharura, 112, iwe kichwani. Nyumba ya wageni ilipieni kabla, na chumba kikague komeo ukiwa hujatoa hela.

*Tukiwa na gari la msaada, litufuate nyuma?*

Kwenye bonde sawa, Kitonga hapana. Gari linalotambaa nyuma yenu linawalazimisha malori kulipita kwenye kona, na mnaobanwa ni ninyi. Litangulie, likae Mahenge, kisha likawasubiri juu.

*Mwalimu, niko Mbeya. Nifanye mazoezi wapi?*

Mna bahati. Toka Uyole panda hadi Isyonje, shuka kuelekea Tukuyu, kisha geuza na kupanda tena. Fanyeni hivyo kila Jumamosi kwa wiki 8 na Kitonga haitawatisha. Shida yenu watu wa Mbeya ni joto. Nimewaona wanaopanda kama mbuzi wakazimia moyo bondeni siku ya kwanza. Wiki mbili za mwisho shukeni Chimala mfanye mazoezi saa 6 mchana, mjue mwili wenu unataka maji kiasi gani.

*Nina miaka 61 na presha kidogo. Nimechelewa?*

Shikamoo mzee. Muone daktari wako kwanza, umwambie wazi kwamba ni kupanda mlima saa mbili mfululizo. Akikuruhusu, twende siku tatu badala ya mbili: siku ya pili tulale Ilula.

*Ni wapi watu huishiwa nguvu zaidi, Kitonga?*

Hapana, ni Ipogoro. Umeshavuka Ruaha Mdogo, umeshaona taa za mji, umeshapiga simu nyumbani wapakue chakula, kumbe mji uko juu ya kilima na barabara inainuka tena. Bakiza ndizi moja na maji ya kutosha. Ile ndizi kuleni pale darajani kabla hamjaanza kupanda.