Mdogo adowee somo la mkubwa

Wenzangu mnaosomesha nyumbani hapa Mombasa huniuliza: mkubwa akiwa kwenye somo, mdogo nimfanyie nini? Usimfanyie kitu. Mwache adowee. Kifungua mimba wangu yuko gredi ya nne, kitinda mimba ana miaka minne, na huyu mdogo sijampa somo lake rasmi hata moja. Anachokijua amekiokota kwenye mkeka wa kaka yake. Ila kudowea nako kuna adabu zake.

Hatua ya kwanza: mkeka mmoja. Mdogo asipelekwe chumba kingine. Akae pembeni, mahali sikio linafika lakini mkono haufiki kwenye daftari. Kalamu ya wino na mtoto wa miaka minne, mwajua wenyewe.

Hatua ya pili: mikono iwe na kazi. Mpe mbaazi achambue (kesho asubuhi zitaliwa na mahamri), au vifuniko vya soda avipange. Simu hapana. Simu ikiingia, masikio yameshatoka.

Hatua ya tatu: somo lisemwe kwa sauti. Hapa ndipo penyewe, maana daftari lililo kimya halina cha kudowewa. Sisi tulikuwa na somo la kupwa na kujaa. Wiki mbili mfululizo tulishuka ufuoni Nyali saa moja asubuhi, kaka mtu akachomeka kijiti pale maji yalipofika, na kila siku akakuta maji yako pengine. Tukabishana kwa sauti njia nzima ya kurudi, mpaka likaeleweka: kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na kitu, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa kuwa yanaufuata mwezi. Mwezi mpevu ulipofika tukaliona bamvua, maji yamepanda sana na kushuka sana. Wiki iliyofuata yakawa maji mafu, hata kijiti hakikuwa na safari ndefu. Mdogo muda wote huo alikuwa akiokota makombe, hana habari na sisi. Au ndivyo nilivyodhani. Siku moja tunashuka kupanda feri Likoni, mteremko umekuwa mrefu kuliko kawaida, akasema, "Mama, maji yamekupwa sana. Ni bamvua?" Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu aligeuka kumtazama.

Hatua ya nne: mwisho wa somo, mkubwa amsimulie mdogo jambo moja tu. Mkubwa ndiye anayefaidika zaidi hapo. Alisimulia kwamba Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kuta nene namna ile. Mdogo akauliza, "Walikuwa wamuogopa nani?" Hakuwa na jibu. Akarudi kitabuni mwenyewe, bila kusukumwa, akawakuta Waturuki, kisha Waomani walioitwaa ngome mwaka 1698.

Hatua ya tano: mkubwa awe na wakati wake. Hii niliijua kwa kuumia. Nilimuuliza kaka mtu saba mara nane, anafikiri, mdogo kutoka kwenye mbaazi zake akaropoka, "Hamsini na sita!" Nyanya yao akapiga vigelegele, nami nikacheka. Kijana akafunga daftari, na kwa siku mbili hesabu haikufanyika nyumba hii. Sasa nusu saa ya kwanza ya asubuhi mdogo yuko jikoni na nyanya yake, na hesabu ngumu zamalizwa hapo. Mkekani, swali la mkubwa halijibiwi na mdogo mpaka mkubwa aseme "napita".

Maswali ya wanachama

Mama wa watatu, Kisauni: Wangu ana miaka miwili, anararua vitabu. Nifanyeje?

Dada, huyo hajafika umri wa kudowea. Somesha akilala mchana.

Baba wa Likoni: Binti yangu ana miaka mitano, tebo zote hadi ya 12 anazijua kwa kumsikiliza dada yake. Nimrushe madarasa?

Subiri kwanza kaka yangu. Huyu wangu wa "hamsini na sita" nilimmwagia mbaazi 15 azihesabu, akapata 13, tena moja kaihesabu mara mbili. Alikuwa ameshika wimbo. Mwambie binti apange vifuniko safu tatu, kila safu vinne, kisha akwambie ni vingapi. Halafu ondoa safu moja, umuulize tena. Akijibu bila kuanza kuimba tebo kutoka mwanzo, ameelewa. Akiimba, mwache aendelee kuimba, haina madhara, lakini asirushwe.

Nyanya wa Mji wa Kale: Sisi chuoni tulisoma hivi hivi, wakubwa wakitushikisha alifu na bee huku maalimu ana wengine. Lakini mwanangu, huyo mkubwa hamumuonei, kila siku kufanywa mwalimu?

Shikamoo nyanya. Tulikuwa twamuonea, ndiyo. Kumsimulia mdogo kulianza kwa dakika kumi, kukafika saa nzima kwa sababu mimi nilipata nafasi ya kupika. Alhamisi moja akanijia mlangoni na mpira kwapani: "Mama, leo mimi si mwalimu." Nikamwambia nenda. Siku hizi dakika kumi ni dakika kumi, na Alhamisi hakuna.