Kabla ya Kupima Vinasaba vya Melanoma ya Jicho Iliyofika Kwenye Ini

Melanoma ya jicho, yaani saratani inayoanzia kwenye seli za rangi za jicho, ikisambaa, mara nyingi huonekana kwanza kwenye ini. Daktari akisema "tupime vinasaba", muulize: vya uvimbe, au vya mgonjwa mwenyewe? Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na vikichanganywa wiki nyingi hupotea bure.

Tangulizeni damu. Dawa ya tebentafusp, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022, humfaa tu mwenye aina ya HLA iitwayo A*02:01. HLA ni alama za kinga ambazo mtu huzaliwa nazo, kwa hiyo damu inatosha. Ini halihitaji kuchomwa sindano. Ila dai jibu la tarakimu zote nne. Karatasi iliyoandikwa "A2" peke yake haitoshi, maana A*02:02 na A*02:05, ambazo zipo kwa Waafrika wengi, nazo huitwa A2 ilhali si zinazotafutwa. Haraka hii ina sababu: katika jaribio la wagonjwa 378, asilimia 73 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 59 ya wenzao waliopata matibabu mengine. Hutolewa kwa dripu kila wiki: maikrogramu 20, kisha 30, kisha 68. Kwa dozi tatu za mwanzo mgonjwa huangaliwa hospitalini kwa saa 16 au zaidi, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla huleta homa kali na kushusha presha. Hakikisheni kitanda kipo kabla ya kupanga tarehe.

Sasa uvimbe. Kama jicho liliondolewa, kipande chake huenda bado kimehifadhiwa kwenye nta katika maabara ya patholojia. Ombeni kipande hicho pamoja na ripoti yake. Kama hakipo, kinyama kitatoka kwenye ini, na kitoke kabla uvimbe haujachomwa au kuzibiwa mishipa yake ya damu, kwa sababu nyama iliyokufa haitoi DNA ya kutegemewa. Mwambieni daktari mapema kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini. Kinyama kikae kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, kati ya saa 6 na 72. Kikizidishwa, DNA hukatikakatika. Jambo moja husahaulika sana: rangi nyeusi ya melanini huzuia kemikali za kipimo kufanya kazi, na jibu hurudi "imeshindikana" ingawa sampuli ilikuwa nzuri. Iandikwe kwenye fomu kuwa uvimbe ni mweusi, ili maabara isafishe DNA kwanza.

Kwenye jibu, tazama jeni (vinasaba) ziitwazo GNAQ na GNA11. Moja kati ya hizo hubadilika kwa wagonjwa walio wengi, na kwa wachache ni CYSLTR2 au PLCB4. Mabadiliko hayo husaidia kuthibitisha kwamba uvimbe wa ini umetoka jichoni. BRAF, inayobadilika sana kwenye melanoma ya ngozi, kwenye ya jicho haipatikani ila kwa nadra mno, hivyo vidonge vya kuzuia BRAF havina kazi. BAP1 iliyopotea pamoja na kromosomu ya 3 ndiyo alama ya uvimbe mkali. SF3B1 huhusishwa na usambaaji unaochelewa miaka. Lakini kipimo cha kuugawa uvimbe katika daraja la 1 au la 2 kilitengenezwa kutabiri kama utasambaa. Ukishasambaa, kwa maoni yetu, msikilipie.

BAP1 ikionekana imeharibika kwenye uvimbe, familia isihofu kabla ya wakati: mara nyingi uharibifu umo kwenye uvimbe tu. Damu au mate ya mgonjwa ndiyo huonyesha kama amezaliwa nao, na akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi, pamoja na hatari ya saratani ya figo, ya ngozi na ya utando wa mapafu. Ulizieni pia jeni ya MBD4. Ni nadra kuharibika, lakini ikiwa imeharibika uvimbe hujaa mabadiliko mengi, na dawa nyingine za kuamsha kinga ambazo kwa kawaida hazifui dafu kwenye ugonjwa huu huweza kufanya kazi vizuri.

Kabla ya damu hiyo ya kipimo cha urithi kutolewa, orodhesheni ndugu wa vizazi vitatu, pande zote mbili: nani aliugua saratani gani, na akiwa na umri gani. Kisha mgonjwa aamue nani kati yao ataambiwa majibu.