Funga poti za kompyuta mpya kabla ya kuiunganisha na intaneti

Ukishasakinisha Windows au Linux, usikimbilie kuchomeka kebo ya mtandao. Mnyoo wa kompyuta, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, hausubiri ubofye kitu: huingia kupitia poti, milango yenye namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao. Agosti 2003, Blaster iliingia kwenye Windows XP kupitia poti 135 hata kabla mtu hajafungua kivinjari, na mashine nyingi zilijizima katikati ya kupakua kiraka (sasisho la kuziba udhaifu) ambacho kingeziokoa. Mei 2017 WannaCry ikapitia poti 445, ilhali kiraka chake kilitoka tangu Machi.

Hatua ya 1: Kagua faili la usakinishaji. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) andika `sha256sum` na jina la faili (kwenye Windows, `certutil -hashfile jina.iso SHA256`), kisha linganisha namba itakayotokea na ile iliyo kwenye tovuti rasmi. Zikipishana hata herufi moja, futa faili.

Hatua ya 2: Sakinisha bila mtandao. Windows 11 hung'ang'ania intaneti. Ikikubana, tumia ruta yako mwenyewe, kamwe si Wi-Fi ya umma.

Hatua ya 3: Washa ukuta wa moto (firewall), unaozuia mawasiliano usiyoyaruhusu. Ubuntu, aina ya Linux, huja nao ukiwa umezimwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Andika:

`sudo ufw default deny incoming`
`sudo ufw enable`

Kwenye Windows fungua `wf.msc` uhakikishe umewaka kwa aina zote tatu za mtandao.

Hatua ya 4: Angalia nani anasikiliza, yaani huduma zipi zinasubiri maombi kwenye poti. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, maana ukuta wa moto unaweza kuzimwa siku moja, lakini huduma isiyokuwepo haivamiwi. Andika `sudo ss -tulpn` (Windows: `netstat -ano`). Ukiona `127.0.0.1:631`, tulia: hiyo inajibu maombi ya kompyuta yenyewe tu. Ukiona `0.0.0.0:22`, huduma ya SSH (ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) inapokea yeyote kutoka nje. Kama huihitaji, izime: `sudo systemctl disable --now ssh.socket ssh`.

Hatua ya 5: Fungua akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku. Ya msimamizi ibaki na nenosiri lake refu.

Hatua ya 6: Sasa unganisha. Windows ikiuliza, chagua mtandao wa umma, hata ukiwa nyumbani. Pakua masasisho, washa upya, kisha yatafute tena, kwani mengine hayajitokezi mpaka yaliyotangulia yawekwe. Yakiisha, rudia amri ya hatua ya 4. Ukikuta mstari mpya wa `0.0.0.0` usioujua, ushughulikie huo kwanza, ndipo uingie kwenye barua pepe au akaunti ya benki.