Namna ya Kuvuka Barabara kwa Taa Zenye Sauti

Mtu asiyeona akifika kwenye njia panda mjini Kisumu, huvuka kwa masikio: magari yanayopita mbele yake yakitulia, na yale ya ubavuni yakianza kunguruma, hujua kwamba zamu yake imefika. Mbinu hiyo ilitosha kabla ya tuktuk kuzoea kukata kona bila simile, na kabla ya pikipiki za umeme zinazopita karibu kimyakimya. Taa za kuvukia zenye sauti huziba pengo hilo, ila zinataka kuzoewa, na mazoezi ya kwanza yafanywe asubuhi ya Jumapili pamoja na mtu anayeona, si jioni watu wanapotoka kazini.

Kwanza tafuta nguzo. Nguzo yenye kifaa hicho hutoa mlio wa polepole, takriban mara moja kwa sekunde, uliopunguzwa makusudi usisikike mbali zaidi ya mita 2 hadi 4 hivi. Vigae vya vinundu, vilivyobuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, husaidia pia: vinundu vya duara huonya kwamba ukingo uko karibu, ilhali mistari mirefu huelekeza. Fundi asiyejua tofauti hiyo, akivitandaza kwa ajili ya mapambo tu, ni heri asingevitandaza.

Ukishaifikia nguzo, papasa kisanduku cha kitufe utafute mshale ulioinuka. Mshale huo huonyesha upande wa kuvukia, kwa hiyo laza ubavu wa kiganja juu yake, geuza mabega yafuate uelekeo wake, kisha bonyeza kitufe na urudi ukingoni bila kuupoteza uelekeo huo. Usijipange kwa kufuata mteremko wa ukingo, kwa maana mara nyingi mteremko wa pembeni hutazama katikati ya njia panda, na anayeufuata hujikuta katikati ya magari.

Ruhusa ya kuvuka ikitoka, mlio hubadilika ukawa wa haraka na mshale hutetemeka chini ya kidole. Nchini Uingereza, chini ya visanduku vingi huwa na kifundo kidogo kinachozunguka badala yake. Mvua ikipiga mabati kiasi cha kuufunika mlio, tegemea mtetemo. Ukikuta mlio wa haraka umekwisha kuanza, subiri zamu inayofuata, kwa sababu hujui zimebaki sekunde ngapi.

Hata hivyo, mlio husema tu kwamba taa imekuruhusu. Hausemi kwamba barabara ni tupu, na mwendesha bodaboda mwenye haraka haoni kwamba taa nyekundu inamhusu. Tanguliza fimbo nyeupe mbele ili ionekane, sikiliza upande wa kulia kwanza kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, kisha ukipita katikati geuzia sikio upande wa kushoto.

Anayetaka kusaidia aulize kwanza, halafu atoe kiwiko kishikwe. Kumvuta mtu fimbo ni kumnyang'anya macho.

Pasipo na kifaa, andikia serikali ya kaunti ukitaja kona yenyewe na saa ambazo magari huwa mengi, na unukuu Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Omba pia nguzo mbili za kona moja zitenganishwe kwa mita 3 hivi, ili milio isichanganyikane.