Kutafuta Nasaba Muheza na Korogwe: Jina Peke Yake Halitoshi

Ukiuliza habari za mzee Mhina katika kijiji cha Wabondei, utaulizwa kwanza: Mhina yupi? Mjukuu hupewa jina la babu, na baada ya vizazi vinne mlango mmoja wa ukoo unaweza kuwa na akina Mhina bin Ali watatu. Kwa hiyo kila unayemwandika mpe vitu vitatu: jina lake pamoja na la baba na babu, jina la mama yake, na mahali alipozaliwa au alipozikwa. Usichokijua kiachie nafasi wazi, usikisie. Jina la mama ndilo litakalokuokoa mara nyingi zaidi, kwa sababu mzee mwenye wake watatu ana matumbo matatu, na watoto wa matumbo hayo huitwa wote kwa jina lake.

Anza na walio hai, na hasa bibi na shangazi. Wanaume hukumbuka mashamba na vyeo. Shangazi anakumbuka nani aliolewa wapi, nani alikufa akinyonya, na nani alilelewa tu. Nenda na kilo ya sukari na majani ya chai, omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, na mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Saa moja inatosha. Mzee akichoka huanza kukubali kila unachosema. Waulize mmoja mmoja kwanza, kisha wakutanishe. Wakiwa pamoja tangu mwanzo, mkubwa husema na wengine hunyamaza.

Maneno ya ujamaa ndiyo yanayoharibu michoro mingi. "Baba" anaweza kuwa baba mzazi, baba mkubwa au baba mdogo, na "babu" ni mzee yeyote wa rika hilo. Usiulize "baba yake nani?" ukaishia hapo. Uliza: "Aliyemzaa ni nani?" Kisha: "Huyo na fulani ni tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali?" Uliza pia nani alilelewa na nani, maana mtoto aliyelelewa na mjomba mara nyingi huandikwa shuleni kwa jina la mjomba. Kwa koo za Wadigo, upande wa Mkinga, fuata kwanza upande wa mama, kwani urithi wao wa zamani ulipitia huko.

Tarehe zitafute kwa matukio. Mwingereza aliiteka Tanga Julai 1916. Bibi akisimuliwa kwamba wakati huo alikuwa akibeba mdogo wake mgongoni, mkadirie miaka 6 hadi 10, yaani kazaliwa kati ya 1906 na 1910. Andika masafa hayo, usichague mwaka mmoja. Nguzo nyingine zinazofaa ni vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 hadi 1889, reli kufika Korogwe, 1902, na Mombo, 1905, mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Uhuru, 1961, Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Nyumba za Waislamu mara nyingi zina msahafu wa zamani wenye tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho, kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria. Kubadili kwa haraka, zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622: 1340 inatoa 1921.8, kwa hiyo ni 1921 au 1922.

Kwa koo za Kikristo, daftari la ubatizo ni hazina. Waanglikana wa Muheza na Korogwe waanzie Magila, Msalabani, palipokuwa kituo kikuu upande huu cha UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Walutheri wa milima ya Usambara waanzie Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel, misheni ya Kijerumani, walifika 1891. Wakatoliki wenye asili ya Bagamoyo waulize misheni iliyoanzishwa huko 1868. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, na jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la msimamizi na makadirio ya mwaka wa ubatizo, ndani ya miaka mitano. Omba kuona mstari wenyewe daftarini, usiridhike na cheti kipya. Cheti hunakili safu chache tu, wakati pembeni mwa mstari wa daftari la Kikatoliki huandikwa ndoa, na mwenzi, na parokia alikofungia. Tahajia ni za aliyeandika: R na L hubadilishana, na majina yenye She- au Se- mbele hutokea na kiambishi au bila. Tafuta kwa namna zote mbili.

Kuna chanzo ambacho wengi hawakigusi: faili za mirathi katika mahakama ya mwanzo. Ndani yake huwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina ya wajane, watoto na waliohudhuria. Lakini usome kwa tahadhari. Mtoto wa nje ya ndoa, au aliyegombana na wenzake, anaweza kuachwa makusudi. Vyeti vya kuzaliwa vya wazee navyo vilisajiliwa mara nyingi baada ya miaka mingi, kwa kiapo, hivyo tarehe ni makadirio yenye muhuri.

Babu akiwa alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kutoka mbali, kwenye mashamba ya mkonge, kumbukumbu za kijiji zitakatika ghafla, na hapo si kosa lako. Huenda jina alilotumia shambani si alilotoka nalo kwao. Uliza alizungumza lugha gani akikasirika, watani wake walikuwa nani, na kama kuna kipande, yaani kadi yake ya kazi, kilichobaki sandukuni.

Usiyasahau mahame. Watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa waliacha miembe, minazi na makaburi, na mzee akifika pale hukumbuka majina ambayo sebuleni hayakumjia. Piga picha kila kaburi, hata lisilo na maandishi, na andika liko karibu na mti gani.

Yakiisha hayo, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kutafuta vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, ambavyo vina habari za majumbe na koo zao. Chukua penseli, si kalamu ya wino. Tafuta kwa jina la wilaya ya wakati ule: Mkinga na Muheza zilikuwa ndani ya wilaya ya Tanga, na Kilindi ndani ya Handeni.

Zikitokea simulizi mbili zinazopingana, ziandike zote mbili na aliyezisema. Asili ya utumwani usiiulize mbele ya watu. Mwenye nayo akitaka kusema atakwambia mkiwa wawili. Mchoro ukiwa tayari, urudishe kwa bibi, umsomee kwa sauti jina kwa jina, na penseli iwe mkononi.